Siku mbili za waya puani: kisa cha kijana wa Mombasa anayengoja mapafu

Ripoti ya kwanza ya kipimo cha asidi ya tumbo kupanda kooni ilikuwa na neno moja ambalo mamake alilishika hakuliachia: kawaida. Aliniletea karatasi hio kazini ikiwa kwenye bahasha ya kaki, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akanambia alhamdulillah, tumbo la kijana halina neno, sasa faili itasonga mbele Chennai, India, kwenye hospitali ya kumpandikiza mapafu. Mimi kazi yangu ni fizio ya kifua, yaani kusaidia watu kutoa makohozi, huyu kijana nimemgonga mgongo tangu ana miaka 11 na sasa ana 23, kwahivo nilifurahi naye, lakini macho yalikwama kwa ile namba, asilimia 1.6, manake foronya yake nilikuwa naijua.

Foronya yenyewe ni nyeupe, na upande wa kulia karibu na ukingo kuna doa la manjano, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, likikauka linakuwa gumu kidogo ukilipitisha kidole. Mamake alikuwa akiifua miaka yote akijua ni makohozi ya usiku. Siku moja nikamwambia, mama hebu inuse. Akanusa, akanyamaza, akasema hii ni kama maziwa yaliyoganda, yaani kitu cha tumboni, si cha kifuani.

Naandika kwa ruhusa ya kijana mwenyewe na ya mamake. Majina siweki, na vituo tulivyopita sivitaji. Naandika kwa sababu tulikaribia kumpeleka mtu kwenye oparesheni kubwa hivo kwa ripoti iliyopima siku ambayo si yake.

Nani huyu basi. Ni kijana wa Mji wa Kale, ana CF, yaani sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Baba na mama kila mmoja anabeba nakala moja mbovu ya jini inayoitwa CFTR na wala haumwi, mtoto akizirithi zote mbili ndo anaumwa. Jini hio ilipatikana 1989, na kazi yake ni kama mlango wa chumvi na maji kwenye seli, mlango ukikwama makohozi yanakuwa mazito kama gundi, mirija ya kongosho inaziba, na jasho linatoka na chumvi kupita kiasi. Huku kwetu ukisema CF wengi hawajui unasema nini, na huyu alimezeshwa dawa za TB mara mbili kabla mtu hajafikiria kumpima jasho. Alikuwa na miaka 9, kaskazi imewaka, anarudi madrasa na kanzu yake ya kahawia imechora mistari myeupe ya chumvi shingoni na kwapani, daktari mmoja wa watoto akaiona akauliza, hii ni nini? Chumvi ya jasho ikatoka 98 (milimoli za kloridi kwa lita), na CF inaanzia 60.

Leo kifua kimechoka. FEV1 yake, ile hewa anayotoa kwa sekunde ya kwanza akipuliza kwa nguvu, ni asilimia 27 ya ile ya mtu wa umri na kimo chake, na ikishuka chini ya 30 mtu anafaa awe ashaonana na timu ya upandikizaji. Usiku yuko kwa oksijeni. Bakteria wa Pseudomonas hamtoki. Ile dawa mpya ya kuusaidia mlango wa CFTR, Trikafta, iliyopitishwa Marekani Oktoba 2019, huko kwao ilianza kwa bei ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, na familia ishauza kiwanja kwa oksijeni na dawa za kawaida tu, hapo sina la kuongeza. Njia iliyobaki ni mapafu, na kwa walio wengi huku mapafu ni India, na India kiungo cha marehemu anaangaliwa raia wao kwanza, mgeni anapewa kikikosa mwenyewe. Kwahivo kungoja ni kurefu, na faili ikiwa na shaka hata moja utangoja zaidi.

Mamake alikuwa na swali la haki kabisa. Wanatoa mapafu yote mawili (lazma yote mawili, manake ukiacha moja la zamani uchafu wake utashukia jipya), sasa tumbo linaingiaje hapo?

Linaingia hivi. Mapafu mapya hayatakuwa na CF, ni ya mtu mwengine. Lakini pua ni ile ile, kongosho ni lile lile, tumbo ni lile lile. Na mtu wa CF anacheua kuliko wengine, yaani vitu vya tumboni vinarudi juu kwenye umio, kwa sababu mlango wa chini wa umio unalegea ovyo hata wakati hamezi kitu, na kifua kilichojaa hewa isiyotoka kinakisukuma kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, chini mpaka kinakuwa bapa, na kila akivuta pumzi kwa nguvu kifua kinafyonza kutoka chini, na kila akikohoa tumbo linabanwa, na chakula chenyewe kinakawia kushuka. Baada ya upandikizaji mambo yanazidi, neva ya vagasi, ile inayoendesha tumbo, inaweza kuumia wakati wa kupasua na tumbo likalala zaidi. Alafu, na hapa ndo mama alishika kifua chake, mapafu mapya yamekatwa neva zake, kwahivo kitu kikiingia chini ya mshono mtu hakohoi kama zamani. Asidi na nyongo vinadondoka usiku tone kwa tone na mwenyewe amelala fofofo. Asidi za nyongo zimewahi kupatikana ndani ya maji yaliyooshewa mapafu ya watu waliopandikizwa. Miaka ikienda zile njia ndogo kabisa za hewa zinajaa makovu, ndo hilo wanaita kukataliwa kwa polepole, na baada ya mwaka wa kwanza hakuna kinachowaua waliopandikizwa kuliko hicho.

Na wengi wao hawaskii kiungulia. Huyu kijana ukimuuliza kama kifua kinamchoma atakwambia hapana, tena anasema kweli.

Hapa lazma niseme na langu. Sisi watu wa fizio tulifundishwa kumlaza mgonjwa kichwa chini makalio juu, ili makohozi yateremke. Melbourne, miaka ya 1990, walifuatilia watoto wachanga wenye CF wakaona hio ya kichwa chini inaongeza kucheua, na baadae wengi tukaacha, mimi pia niliacha nilipojua. Lakini miaka ya mwanzo nilikuwa nishamfundisha hivo, na yeye nyumbani aliendelea peke yake, mito miwili chini ya kiuno, kwa sababu makohozi yanatoka haraka, na wakati wake ni baada ya chakula cha usiku watu wakishatulia. Hilo sikulijua mpaka nilipomuuliza siku yake inakwendaje saa kwa saa.

Sasa kipimo cha kwanza. Kinafanywa kwa waya mwembamba unaoingizwa puani mpaka kwenye umio, wenye sensa ya asidi, umeunganishwa na kijimashini cha kuvaa kiunoni, unakaa nao saa 24 ukiendelea na maisha yako. Kila ukila unabonyeza batani, kila ukilala unabonyeza, ukiskia dalili unabonyeza, na juu ya hivo unaandika kwa karatasi. Mwishoni wanahesabu ni asilimia ngapi ya muda pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi imezidi) imekuwa chini ya 4. Chini ya asilimia 4 ni sawa, zaidi ya 6 ni ugonjwa, katikati hapo ni mashaka. Yeye alipata 1.6.

Tarehe waliyopewa Nairobi ilingia Ramadhani, kumi la pili. Wakapanda treni Miritini, wakafikia gesti karibu na kituo. Nesi alimuuliza vizuri tu: unatumia dawa za vidonda vya tumbo? Akasema hapana. Na kila asubuhi alikuwa anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo! Hakudanganya. Kwao nyumbani omeprazoli haijawahi kuitwa dawa ya vidonda, inaitwa dawa ya kufungulia Creon (vidonge vya vimeng'enya vya kusagia chakula), kwa sababu alipewa miaka iliyopita ili vimeng'enya vya Creon vifanye kazi, manake kongosho la CF halitoi ile bikaboneti ya kupoza asidi ya tumbo na bila kupozwa vimeng'enya vinaharibika. Dawa za namna hio zinafaa kusimamishwa siku 7 kabla ya kipimo, ikiwa unatafuta kujua kama mtu anacheua asidi. Yeye aliimeza mpaka asubuhi ya siku yenyewe, na maji kidogo.

Alafu hakula. Mgonjwa kama yeye ana ruhusa ya kutofunga na hajafunga tangu akiwa mdogo, lakini aliona haya kutafuna mbele ya watu waliofunga, mara waya puani, mara kila mtu anamtazama, basi mchana alikunywa chai mara moja chumbani na biskuti. Jioni akafuturu tende, uji na sambusa moja. Fizio ya kifua hakufanya kwa sababu gesti ni nyembamba na aliogopa waya utachomoka. Usiku alikaa kitandani ameegemea ukuta. Yaani mtu ambaye kwao anakula sahani tatu zenye mafuta kwa sababu CF inamtaka ale hivo, anafanya fizio kichwa chini tumbo limejaa, analala ubavu wa kulia, siku hio moja aliishi kama mtu mwengine kabisa, na siku hio ndo iliyopimwa.

Kasoro ya tatu ndo iliyoniuma zaidi, kwa sababu ni ndogo na ni yetu sisi waswahili. Kwenye karatasi aliandika: futari, saa 12:45. Batani alisahau kuibonyeza. Mashini inakwenda kwa saa za kizungu, na aliyeingiza yale maandishi kwenye kompyuta aliisoma 12:45 ile ya baada ya usiku wa manane. Sasa muda wa kula hutolewa kwenye hesabu, kwa sababu chakula chenyewe kinaweza kuwa na asidi, achari, juisi ya ukwaju na kadhalika. Nikaifungua ile chati ya mistari iliyokuja nyuma ya ripoti, nikaweka rula. Kuanzia 12:45 ya mashini, baada ya usiku wa manane, mpaka 1:23, mstari umeshuka chini ya 4 umelala pale dakika 38, na juu yake pamepakwa kijivu, ati anakula. Alikuwa amelala. Ukizirudisha dakika hizo ndani ya hesabu ile 1.6 inapanda juu kidogo ya 4, na hio ni mtu aliyemeza omeprazoli na hajala kitu.

Sikumlaumu aliyeingiza, sikumlaumu nesi, na kijana ndo kabisa. Lakini nilimwambia mamake ukweli siku ile ile, na kicheko cha asubuhi kikaisha, na hilo sikulipenda. Tukawaandikia Chennai. Kumbe nao walikuwa washaanza kuuliza: amepimwa akiwa na dawa au bila dawa? mbona milo ni miwili tu kwa siku nzima? Wakataka kirudiwe, safari hii na impidensi, na manometri, kipimo cha misuli ya umio, itangulie.

Tofauti ya impidensi ni hii. Sensa ya asidi inaona asidi tu. Ukimpa mtu omeprazoli asidi inapungua lakini maji ya tumboni yanaendelea kupanda vile vile, na nyongo ndani yake, sasa sensa inasema hakuna kitu. Impidensi ina vipete kadhaa kwenye waya ule ule vinavyopima umeme unapitaje, kwahivo kitu chochote cha majimaji kikipanda kinaonekana, kiwe na asidi au kisiwe, na unaona kimefika wapi. Kwa mtu anayengoja mapafu hilo la kimefika wapi ndo la maana, manake kilichofika shingoni kina njia ya kuingia kwenye pumzi.

Safari ya pili tulingoja Idd ipite. Tulimwaga mfuko wote wa dawa juu ya meza ya sebuleni kwao, vidonge, chupa, sacheti za Eno alizokuwa nazo bibi, nikapanga na mama kimoja kimoja: omeprazoli inasimama siku 7, Eno haiguswi siku ya mwisho, Creon inaendelea, azithromaisini, ile antibiotiki yake, inaendelea. Wiki hio haikuwa rahisi. Choo kikawa na mafuta yanaelea, akashuka kilo moja na nusu, na mtu wa CF kilo moja ni mali. Mara mbili alitaka kuacha. Bibi alimwambia, mjukuu wangu vumilia, wiki si mwaka.

Nairobi hakukaa gesti. Alifikia kwa mjomba wake South C na mamake akapika kama nyumbani: mahamri na mbaazi asubuhi, biriani mchana, usiku viazi karai na chai ya tangawizi. Manometri kwanza, waya wa kupima misuli. Tundu la kulia la pua lilikataa, lina vinyama, na vinyama vya pua ni kawaida kwa CF, ikabidi wapite kushoto. Unaambiwa meza maji funda moja moja mara kumi na mtu anatoka machozi. Waliona mlango wa chini wa umio ni mlegevu, lakini umio wenyewe unasukuma vizuri, na hio ni habari njema, kwa sababu umio usiosukuma ukifungwa chini kwa oparesheni chakula kinakwama. Manometri pia ndo inasema mlango uko wapi hasa, ili sensa ya asidi ikae sentimita 5 juu yake na si kwa kukisia.

Alafu waya wa saa 24, plasta shavuni, mrija wa oksijeni juu yake. Saa tuliziandika mbilimbili, ya Kiswahili na ya mashini, kila mstari, na simu ikimlilia kumkumbusha batani. Fizio akafanya kama anavofanya Mombasa, na ile ya kichwa chini pia. Hapo nilisita sana. Kumwacha afanye kitu ninachokijua kinamdhuru? Nikamuuliza daktari, akasema siku moja, tunataka kuona maisha yake. Nikakubali lakini sikulala.

Majibu: asilimia 9.4 kwa jumla, akiwa amelala 14.8. Mara 96 kwa siku kitu kimepanda, na zaidi ya 80 ndo inahesabika si kawaida. Zaidi ya nusu ya hizo hazikuwa na asidi kali, yaani kile kipimo cha kwanza kisingeziona hata kama kila kitu kingefanywa sawa. Moja kwa tatu zilifika juu kabisa kwenye waya. Batani ya kiungulia aliibonyeza mara moja tu. Na ile nusu saa ya kichwa chini, mistari inashuka mmoja baada ya mwengine kama ngazi. Nilimwonyesha kwenye simu yangu. Akaangalia muda mrefu, akanambia, "Anti, mimi nilikuwa najisafisha kifua." Nikamwambia najua mwanangu, na mimi ndo niliyekufunza.

Swali lililofuata ni la kuufunga ule mlango wa chini wa umio. Kuna oparesheni ya kuizungushia shingo ya umio kipande cha juu cha tumbo, ikabana. Timu ya Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani iliandika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba waliofungwa mapema, ndani ya miezi mitatu baada ya kupandikizwa, mapafu yao yalidumu vizuri zaidi. Mimi naichukulia kama dalili nzuri, si hukumu, manake waliochaguliwa kufungwa mapema huenda walikuwa na nguvu kuliko wenzao tangu mwanzo. Kuna vituo vinafunga kabla ya mapafu. Kwa FEV1 ya 27 Chennai walisema hapana, dawa ya usingizi tu ni hatari, afike kwanza, apandikizwe, apimwe upya akishapona kidonda, na ikitoka hivi hivi atafungwa mapema bila kungojea dalili. Nafikiri wameamua vizuri. Wanataka pia kumpima tumbo linavomwaga chakula, unakula mlo wenye mionzi kidogo wanakupiga picha mpaka saa ya nne baada ya kula, ikibaki zaidi ya asilimia 10 tumbo ni zito. Hicho atafanyiwa huko huko.

Kwa sasa ni mambo ya nyumbani. Omeprazoli imerudi, kwa ajili ya Creon na kwa ajili ya asidi, lakini nyumba nzima ishaelewa haizuii kupanda. Azithromaisini aliyokuwa akimeza kwa ajili ya Pseudomonas inasaidia kidogo na tumbo kusukuma. Chakula cha usiku saa moja, si saa nne, na kama ni kikubwa kinagawanywa mara mbili. Kitanda tumekiinua upande wa kichwa, si mito, mito inakunja tumbo inazidisha. Babake alileta matofali mawili ya ujenzi, akayafunga kwa kanga kuukuu yasikwaruze saruji. Analalia ubavu wa kushoto. Fizio anafanya ameketi, kabla ya kula, na makohozi yanatoka, polepole lakini yanatoka.

Na ukiniuliza mimi sa hii kazini nimebadilisha nini, mgonjwa yeyote akija simuulizi tena unatumia dawa za vidonda au hutumii. Namwambia leta mfuko wote.

Mamake ananitumia picha ya foronya kila asubuhi, kabla hata ya salamu. Leo ni siku ya 23 tangu matofali yaingie. Kumi na tisa safi, nne zina doa, na mbili kati ya hizo nne ni usiku wa harusi ya binamu yake na usiku uliofuata. Kikohozi cha saa tisa usiku bado kipo. Viza imetoka Jumatatu.